Siki Kwenye Kona ya Mama

Siku ile nilioga mpaka ngozi ikalalamika. Nilianza na sabuni ya kufulia, nikaja ya kuogea, kisha nikakata limau na kulipitisha kwenye kucha, kwenye viwiko na nyuma ya masikio. Nikanusa mkono. Bado nilikuwa mimi. Kazi yangu haina adabu. Inakufuata nyumbani, inalala na wewe, na asubuhi inaamka kabla yako.

Nalisha vidudu. Wale wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi ndani ya udongo wa mfinyanzi. Nawapa molasi, nawapa urea, ile mbolea nyeupe ya shambani, na chumvi ya kalsiamu. Wakishiba wanaacha chokaa ngumu katikati ya chembe za udongo, na udongo uliokuwa ukivimba mvua ikinyesha na kunywea jua likiwaka unaanza kushikamana na kutulia. Ni kazi nzuri. Ila urea ikishapita kwao inatoa harufu, na harufu yenyewe ni ya choo cha stendi mchana wa jua kali. Macho yanatoka machozi, mate yanajaa mdomoni. Kazini wananiita Mama Vidudu, na nikiingia chumba cha chai wenzangu wanakumbuka ghafla kwamba wameshakunywa.

Mhandisi peke yake ndiye ambaye hakuwahi kukunja pua.

Siku tuliyokutana nilifungua ndoo mbele ya kundi la wageni, na wote wakakimbilia mlangoni wakisukumana. Akabaki yeye. Aliinamisha kichwa juu ya ndoo, akaniuliza kwa upole, "Hawa wanakula nini?"

Ningefanyaje? Mwanamume mzima, shati limepigwa pasi, anataka kujua vidudu wangu wanakula nini. Nilimpenda palepale, na ndoo iko wazi. Na alinukia mnanaa. Harufu baridi, safi, ya mtu aliyetoka kuoga kwenye maji ya mlimani. Kila alipokuja kuniona alikuja na mnanaa wake, na mimi usiku nilikuwa naivuta ile harufu kwa kumbukumbu tu, nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Yeye ndiye aliyeitoa nyumba ya mama yake tuifanyie jaribio. Ilikuwa imejengwa juu ya mfinyanzi mweusi, na kona ya chumba cha kulala cha Mama ilikuwa ikizama taratibu. Ufa ulianza juu ya dirisha, ukashuka mpaka nyuma ya kitanda. Tukachimbia mabomba matatu yenye matundu nje ya ukuta ule, tukaanza kuwalisha vidudu waliokuwemo mlemle kwenye udongo. Ukileta wageni hawapiti, matundu ya mfinyanzi ni madogo mno, wanakwama mlangoni. Inabidi uwalee wenyeji.

Sasa kesho ya siku ile ya limau, Jumatatu, Mkuu wangu wa maabara alikuwa aje na fimbo yake ya chuma, auchome udongo na kupima. Kona ikiigomea fimbo, tungeendelea na nyumba nyingine za mtaa ule. Isipoigomea, mabomba yanang'olewa, na Mama angelazimika kuhama nyumba alimozalia watoto wake wote, akaishi kwa Shangazi.

Na Jumapili hiyo ndiyo Mhandisi aliyoichagua kunitambulisha rasmi kama mchumba. Mama alishanizoea kama fundi wa mabomba. Kama mkwe, hapana. Na Shangazi, dada wa marehemu baba yake, nilikuwa sijamwona hata siku moja.

*

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Alinipa vidole viwili, akavirudisha haraka na kuvifutia kwenye gauni lake. Alikuwa mwanamke mnene, mweupe wa uso, macho yasiyopitwa na kitu. "Ndiye huyu mwenye mikojo?"

"Wifi," Mama alisema.

"Nauliza tu. Kuuliza kuna kodi?"

"Si mikojo, Shangazi," nilisema, nikijitahidi kutabasamu. "Ni mbolea. Vidudu wanaivunja ndiyo inatoa ile hewa."

"Wanaivunja wakiwa wapi?"

"Kwenye udongo. Chini."

"Chini ya kitanda cha wifi yangu." Alimgeukia Mama. "Umesikia lakini? Umelazwa juu ya choo cha wadudu, na wewe unalala."

Mhandisi alicheka, kicheko kile cha kuwaridhisha watu wote sebuleni, akanishika bega na kuniketisha karibu naye. Mnanaa ukanijia. Nikatulia. Niliwaza, mwache Shangazi aseme, huyu wangu ananitosha.

Chakula kilikuja. Mama alinipakulia kwa mkono wake, akaniwekea kipande kizuri, na kila Shangazi alipofungua mdomo yeye alimwongezea wali. Nilimpenda kwa hilo. Aliuliza habari za mama yangu, akauliza kama nyumbani tulikuwa wengi, akauliza kama najua kushona. Maswali ya mkwe. Moyo wangu ulianza kukaa mahali pake.

"Na harufu yenyewe leo hamna," Shangazi alisema, akinusa hewani kama anayemtafuta mwizi. "Nilikuja nimejiandaa. Nina leso mbili."

Hapo ndipo nilipoacha kutafuna.

Ilikuwa kweli. Tangu niingie nilikuwa nimejinusa mimi, nimemnusa yeye, nimenusa wali. Ile harufu ya kona sikuwa nimeipata. Na juzi tu, Ijumaa, niliwalisha kwa ajili ya kipimo. Ilitakiwa leo iwe inagonga mlango.

"Upepo umegeuka," Mhandisi alisema haraka.

"Madirisha yamefungwa," Mama alisema.

Kulikuwa na harufu nyingine, nyembamba, kali, iliyokaa nyuma ya pua. Nikaichunguza sahani. "Mama, umetia siki kwenye saladi?"

"Siki? Hapana, mwanangu. Mimi na siki hatupatani, tumbo langu lina vidonda. Kwangu hapaingii siki."

Nilimtazama Mhandisi. Alikuwa anaikata nyama iliyokwisha kukatwa.

*

Nilitoka bila kuaga. Nilizunguka nyumba mpaka nyuma, chini ya dirisha la Mama, na viatu vyangu vipya vikazama kwenye kitu laini.

Nisiseme uongo, katika kazi hii nimeshika mengi. Nimeshika ute, nimeshika ukungu, niliwahi kumwagikiwa na ndoo nzima ya molasi iliyochacha. Sijawahi kuona kinyaa. Lakini pale ukutani, kwenye ukanda wa udongo ambao Ijumaa ulikuwa mgumu kiasi cha kuukwaruza kwa kucha na kucha ikashindwa, palikuwa na uji. Uji wa kijivu, unaong'aa, umejaa mapovu madogo yaliyokuwa bado yanapasuka moja moja kwa sauti ya chini, kama mtu anayelamba meno. Nikaingiza kidole. Kikazama. Nilipokitoa kilivuta uzi mrefu, na ule uchachu ukanipanda mpaka kwenye koo.

Nyuma ya pipa la taka kulikuwa na madumu mawili ya siki ya dukani. Matupu.

Mhandisi alikuwa amenifuata. Alisimama hatua kadhaa nyuma, mikono mfukoni.

"Usikasirike kwanza," alisema.

"Nani amemwaga?"

"Nisikilize."

"Nakusikiliza. Nani amemwaga siki hapa?"

"Mimi." Alishusha pumzi. "Asubuhi. Shangazi alipiga simu, anasema akinusa chochote anageuza njia. Unamjua? Yule akigeuza njia, ukoo mzima unageuka naye. Nikawaza, siki inaua ile hewa. Si wewe mwenyewe uliniambia?"

Ni kweli nilimwambia. Siki inaimeza ile hewa, harufu inakufa. Lakini nilimwambia na jambo jingine. Nilimwekea kijiwe cha kwanza kabisa tulichokitoa kwenye kona hii mkononi mwake, nikakidondoshea tone moja la siki, kikatoa povu. Tulikuwa peke yetu maabara. Nilimwambia, ukiona povu ujue chokaa ipo, siki inaila. Alinishika kiuno, akanizungusha, tukacheka kama watoto.

"Ulipomwaga uliona povu?" nilimuuliza.

Alilisogeza dumu moja kwa ncha ya kiatu.

"Mhandisi. Uliona povu?"

"Niliona."

"Ukafanyaje?"

"Wageni walikuwa njiani."

"Ukafanyaje?"

"Nikamalizia dumu."

Kinyaa ni kitu cha ajabu. Nilidhani kinaanzia puani. Kumbe kinaanzia chini, kwenye magoti, kinapanda polepole kama maji kwenye ukuta usio na msingi. Nilimwangalia mwanamume niliyempenda, lile shati lake la pasi, zile kope ndefu, na nikaona namna ulimi wake ulivyopita juu ya mdomo wa chini akitafuta la kusema, na kwa mara ya kwanza nikatamani asinikaribie.

"Umemwaga kwenye mabomba yote?"

"La kwanza tu. Na juu juu pembeni ya ukuta. Hayo mawili sikuyagusa, naapa." Alisogea. "Na ndiyo nilitaka nikwambie, hakuna kilichoharibika. Mfinyanzi haupitishi kitu haraka, si ndiyo? Kesho Mkuu akija tunampeleka moja kwa moja kwenye bomba la tatu. Fimbo ikigoma pale, anaandika, anaondoka. Hapa tunafunika turubai. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe ni wangu."

Alilisema kwa sauti ile ile ya siku zote, ile ya kunipunguzia baridi. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Kitanda cha mama yako kiko hapa," nilisema, nikionyesha ukuta. "Hapa, si bomba la tatu. Anaweka kichwa hapa. Unataka tumwambie Mkuu kona imeshika, wakati imegeuka uji, ili Shangazi asikunje pua mchana mmoja?"

"Hujui nilivyohangaika kwa ajili yako. Hujui ninavyowasemesha. Wewe unaona kazi tu. Mimi ndiye ninayeulizwa kila siku, huyo mtu utalala naye vipi, na mimi nakutetea. Mimi sijawahi kuona kinyaa na wewe hata siku moja. Muulize mtu yeyote."

Dirisha juu yetu lilifunguka. Mama alikuwa amesimama ndani, kiwiko kwenye kizingiti, na kwa jinsi alivyotulia nilijua yupo pale tangu mwanzo.

"Hukuwahi?" alisema. "Na kile kichupa je, Kitinda?"

Yeye ndiye mtoto wake wa mwisho, kitinda mimba, na mpaka leo ana ndevu bado anamwita hivyo.

"Mama, tafadhali."

"Si kile kichupa cha mafuta ya mnanaa, cha mafua. Akitaka kuja kwako, mwanangu, anasimama pale kwenye kioo cha mlangoni, anapaka puani, huku na huku, anavuta kidogo, ndiyo anatoka. Mimi nilidhani ni wewe umemfundisha. Nilitaka hata kuwaomba na mimi, usiku huku ndani kunakuwa kuzito."

Hakusema kwa ubaya. Hiyo ndiyo iliyoniua.

Nilimtazama puani. Sikuwahi kumtazama puani. Ukimpenda mtu unatazama macho. Pembeni ya kila tundu palikuwa na mafuta, panang'aa kidogo, pana wekundu wa ngozi iliyozoea kuchomwa. Kila usiku. Ile harufu niliyokuwa naivuta gizani, ile niliyoiita yake, nikaikumbatia na mto, ilikuwa ni kinga dhidi yangu. Nilikuwa nimelala miezi yote naota ukuta.

"Na siku ile ya ndoo?" nilimuuliza. "Uliponiuliza wanakula nini?"

Akatazama viatu vyake.

"Nilikuwa na mafua," alisema mwishowe. "Pua ilikuwa imeziba."

Ndani, nyuma ya Mama, Shangazi aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta, ule ule wenye ufa. Na mimi, Mungu anisamehe, kidogo nicheke naye, maana kingine cha kufanya kilikuwa kutapika.

*

Nilivua viatu, nikakunja gauni mpaka magotini, nikampigia Mkuu simu. Niliweka spika. Nilitaka Mhandisi asikie.

"Bomba la kwanza limeingiwa na siki, Mkuu. Nyingi. Udongo wa juu wote umelainika."

"Siki," Mkuu alisema. Huwa harudii neno isipokuwa limemuudhi. "Nani amefanya hivyo?"

Nilimgeukia Mhandisi. Nikampa nafasi. Simu nilikuwa nimeishika katikati yetu, karibu kabisa na mdomo wake, ilihitaji neno moja tu. Alitazama simu kama mtu anayetazama chakula kilicholala. Kisha akatikisa kichwa, kidogo mno, akitumaini kwamba mimi peke yangu ndiye nitakayeona.

"Mtu wa hapa nyumbani," nilisema.

"Mengine mawili?"

"Sijui bado. Nasuuza hili, nawalisha wale. Jua ni kali, jioni watakuwa wamejibu kwa harufu."

"Wasipojibu, Mama Vidudu, kesho nakuja na watu wa kung'oa mabomba. Mimi sipimi kaburi."

"Nimeelewa."

Nilianza kuchota maji. Nikamwaga kwenye bomba la kwanza, nikayavuta, nikamwaga tena, mpaka yakatoka bila uchachu. Ule uji niliukomba kwa mikono na kuutia kwenye ndoo. Ulikuwa unateleza, unaponyoka kwenye vidole na kurudi chini, umeshaanza kubadilika rangi. Mara mbili ilibidi nigeuze uso. Mhandisi alisema, "Nikusaidie," nikamwambia, "Kaa hapo hapo ulipo," na akakaa. Hilo nalo lilinichukiza. Nilikuwa nataka akatae.

Nilichanganya chakula. Molasi, urea, chumvi. Niliwamiminia wa bomba la pili, kisha la tatu, taratibu, nikiwasemesha chini kwa chini kama ninavyowasemesha nikiwa peke yangu. Kuleni wangu. Poleni. Mama yenu hakujua.

Kisha nikakaa chini kwenye matofali kungoja, mikono mpaka viwiko imeganda tope, na jua likishuka nyuma ya paa la jirani.

Akaja kukaa karibu yangu. Si karibu sana.

"Nimekosa," alisema.

Nilibandua gamba la tope kwenye kiwiko.

"Nimekosa sana. Nilikuwa mwoga. Nilikupenda ukweli wake, ila nilikuwa napenda na wao wanipende. Nilitaka vyote visinuke." Sauti ilimkatika, na macho yake yalikuwa na maji, na sikudhani ni siki. "Kichupa nitakitupa. Leo leo. Nikubalie nianze upya. Nije na pua yangu hivi hivi kama ilivyo. Nitamwambia Mkuu kesho mwenyewe, mbele yako. Nitamwambia na Shangazi."

Alinyoosha mkono, akaugusa wangu wenye tope. Hakuutoa. Nilikaa nikiutazama mkono wake safi juu ya mkono wangu, na kitu fulani ndani yangu, kijinga, kisichojifunza, kikaanza kulegea. Nikawaza, watu wanaoa na mafua. Watu wanaanza na uongo mdogo, wanajifunza. Nikawaza nyumba yetu itakavyokuwa, na mtoto wetu akinusa mikono yangu na kucheka, maana mtoto harufu ya mama yake haimchukizi, ndiyo anayoijulia dunia.

"Utamwambia Mkuu?" nilimuuliza.

"Nitamwambia."

"Sawa," nilisema. "Tutaona."

Ndipo nikainama kwenye bomba la pili, nikafunua kifuniko na kuweka pua. Kidogo mno. Kama mtu anayekohoa nyumba ya tatu. Lakini harufu ipo. Nikahamia la tatu kwa magoti, nikafunua, nikavuta.

Ilinipiga usoni kama kofi. Macho yakajaa, nikarudi nyuma nikakalia tope. Choo cha stendi. Choo cha stendi chenyewe, na jua la mchana. Wako hai. Wamekula, wamevunja, wanajenga. Nilianza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, harufu ikipanda na kuenea uani, ikaingia dirishani, na ndani Shangazi akatoa ukelele na mlango wa mbele ukafunguka na kugongwa nyuma yake.

"Wapo," nilisema. "Wapo, njoo unuse, wapo."

Nikamgeukia.

Alikuwa amesimama. Amenigeuzia ubavu, kichwa chini, mkono wa kushoto umeziba wa kulia usionekane. Nikaona kiwiko kikipanda. Huku. Na huku. Akavuta kidogo. Kisha akageuka kwangu akitabasamu, na pembeni mwa pua yake palikuwa panang'aa upya, na juu ya ile harufu yote, nyembamba kama uzi, mnanaa ukanifikia.

Sikumkasirikia. Hasira ingekuwa afadhali. Niliona kinyaa tu, kinyaa kitupu, kimetulia, kisicho na haraka ya kwenda popote.

"Unaumwa na kichwa?" nilimuuliza.

"Kidogo," alisema.

"Nenda basi ukapumzike mbele. Kuna hewa."

"Hutanikasirikia?"

"Nenda."

Alikwenda. Alikwenda upesi, na kabla hajakata kona ya nyumba niliona mabega yake yakishuka, kama mwanafunzi aliyeambiwa kipindi kimekwisha. Alifurahi kuruhusiwa. Kuna mambo mengi ambayo ningeweza kuyasamehe kabla ya yale mabega.

Nilirudi kwenye bomba langu. Nilikuwa bado nimekalia tope niliposikia ndara zikija kutoka mlango wa jikoni. Ni Mama. Alikuwa amejifunika pua na mdomo kwa mtandio, macho mekundu yanatiririka, na mkononi amebeba kigoda. Alikiweka kando yangu, akakaa kwa shida, akatazama lile tundu la bomba kama anayetazama kisima.

"Kunanuka vibaya," alisema ndani ya mtandio.

"Ndiyo, Mama."

"Vibaya sana. Nataka kutapika."

"Ndiyo, Mama. Rudi ndani, nitafunika."

"Ni vizuri?"

Nilimwangalia. Kisha nikautazama ufa juu ya dirisha lake. Tulikuwa tumeubandika kiraka chembamba cha plasta mwanzo wa mvua. Ukuta ukisogea hata kidogo, kinapasuka. Kilikuwa kizima.

"Ni vizuri," nilisema.

"Basi usifunike." Alijirekebisha kwenye kigoda chake. Akapiga kikohozi, akafuta macho kwa kiganja, hakuondoka. "Hapa kichwani pangu, pa bomba la kwanza, utapafanyaje?"

"Nitaanza upya. Nitakuwa nakuja kila baada ya kazi."

"Hata kama..." Alielekeza kidevu mbele ya nyumba.

"Hata kama."

Akatazama kona ya nyumba alikopita Mhandisi. Alikuwa mama yake. Nilijua anatafuta neno ambalo halitamtupa mtoto wake wala kunidanganya mimi.

"Ni mwoga tangu mdogo," alisema mwishowe. "Alikuwa anaogopa hata supu ya moto. Anasubiri ipoe, ikishapoa anasema si tamu."

"Mwambie, Mama, simkatazi kuja," nilisema. "Siku atakayokuja bila kichupa. Akae pale ulipokaa wewe. Hata kama anatapika."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha akashusha mtandio mpaka kidevuni, akavuta pumzi moja fupi kwa pua yake mwenyewe, uso wake wote ukakunjamana, na akaubakisha mtandio huko huko chini.